Konzi ya Mchele

Mimi si mtu wa kusimulia habari za Sikujua binti Mshamu, na wenye kunijua watacheka wakisikia nimethubutu. Angekuwapo mwingine ningemwachia. Lakini Muzdalifa wa pilau amehamia Mbagala kwa mwanawe, Ashura wa supu amekufa, na Zabibu hawezi kuyasema haya bila kujitetea kila baada ya maneno matatu. Nimebaki mimi, Mwanaidi, muuza chai na maandazi. Nilikaa na Sikujua barabarani miaka minane, kisha nikakaa ukumbini bila yeye.

Alizaliwa Mtunda, mtoto wa nne wa mkulima wa mpunga, na utoto wake wote aliumalizia dunguni, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa shambani kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Ila mchele aliujua. Ukimtilia kiganjani alikuambia umelimwa bondeni au juu, umevunwa mapema au umechelewa, na kama aliyeutwanga alikuwa na hasira. Tulimcheka, tukampa mchele wa madukani kumjaribu, na bado hakukosea.

Mumewe aliitwa Bwanaheri, mkata boriti wa huko kwenye mikoko ya delta, mtu mpole wa kukera. Ndiye aliyemjengea banda la kwanza pale kando ya barabara ya Lindi na Mtwara, mwaka themanini na tano, wakati sukari bado ilikuwa ya foleni na gari la abiria ukiliona moja kwa siku unashukuru. Alisimika boriti nne, akaezeka makuti, akamchongea benchi la mvule refu kiasi cha kukaa watu wanane. Watu walimwona Sikujua mwendawazimu. Nani atakula wali kwenye vumbi, na abiria wenyewe wanatoka nyumbani na vifurushi vyao? Alikaa pale mwaka mzima akiwapikia madereva wawili na mbwa.

Kisha ikaja ruksa. Yaliyokuwa yamefungwa yakafunguliwa, mabasi ya watu binafsi yakatoka sijui wapi, na yote yakawa yanasimama Kibiti kabla ya kwenda kupanga foleni ya kuvuka mto kwa pantoni la Ndundu. Sisi tuliomwita mwendawazimu tukamfuata mmoja mmoja. Wa pili kukaa alikuwa Zabibu, Mmatumbi wa milimani kusini ya mto, aliyekuja Kibiti kumfuata mumewe Saadi, fundi baiskeli. Wa tatu nikawa mimi. Baada yangu Muzdalifa, kisha Ashura, kisha wengine mpaka tukafika kumi na mbili, tumejipanga kando ya barabara kwa mfuatano wa kufika.

Tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Kila mtu na chungu chake. Zabibu alipika bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu na samaki mkavu. Muzdalifa pilau. Ashura supu ya makongoro na chapati. Sikujua alikuwa na wali wa nazi, kwa kambale wa kubanika au kamba wa Nyamisati siku walipopatikana. Abiria alikaa benchi lolote alilotaka, akaagiza vyungu vitatu tofauti, na sahani zikapita mikononi mwetu mpaka zikamfikia. Hakuna aliyepika cha mwenzake. Ukimkosea mwenzio kwa hilo, siku hiyo hiyo ulipikwa wewe.

Na wali wa Sikujua, acha niuseme, maana hata wivu wangu hauwezi kuufanya ukawa mbaya. Aliupika kwa tui jepesi kwanza, ukikauka akamimina tui zito, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, kisha akakaa pembeni amefumba macho. Hakufunua hata ungemwambia basi linaondoka. Kondakta walipiga honi, walitukana, yeye kimya. Alipofunua, abiria waliokuwa wameshapanda walishuka tena.

Kilichomjengea jina hasa ni masika ya mwaka tisini. Barabara ilikatika, mabasi matatu yakakwama Kibiti siku nne, watu na watoto wao wamelala chini ya makuti yetu. Siku ya pili sisi wengine tuliishiwa tukafunga. Sikujua akaenda nyumbani akarudi na gunia la mpunga wa mbegu, ule wa kupanda mwaka unaofuata, akautwanga akawapikia. Bwanaheri mwenyewe ndiye aliyeshika mchi. Toka hapo kondakta hawakusema tena "Kibiti kula." Walisema, "Kwa Sikujua! Dakika ishirini, kwa Sikujua!" Mtu wa Newala asiyewahi kufika kwetu alijua kuna mahali panaitwa Kwa Sikujua, na pana wali.

Sasa lazima niseme habari ya utani, maana bila huo hakuna kisa. Mndengereko na Mmatumbi kwetu ni watani. Sikujua Mndengereko, Zabibu Mmatumbi, basi mabanda yao yaliyopakana yakawa tamasha. Zabibu akianza, "Nyie wa mtoni, mmezoea kulala na mamba, ndo maana mnanuka matope." Sikujua anajibu bila kuinua uso, "Na nyie mlioshuka mlimani jana, mlipoona chumvi si mliitwanga mkidhani mahindi?" Zabibu alikuwa akimwibia kuni mchana kweupe, Sikujua akimwibia vikombe, kila mmoja akidai kilichochukuliwa ni haki ya mtani. Abiria walikufa kwa kicheko. Mtani hakasirikiwi, na mtani hashtakiwi. Ndivyo tulivyolelewa.

Msibani utani huo unakuwa kazi yenyewe. Watani ndio wanaofagia, wanaochota maji, na ndio wanaomwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Hushika pia vitu vya marehemu au vya wafiwa wakasema, "Hiki changu." Hapo mtu wa upande wa wafiwa hutoa kitu kidogo cha kukomboa. Kwetu hutoa konzi ya mchele, mkono mmoja uliojaa. Ndugu, jirani, shoga, yeyote aliye upande wa wafiwa aweza kutoa. Mchele ukitolewa, kitu kinarudi na mambo yamekwisha. Sijapata kusikia kitu kilichoachwa bila kukombolewa, na nadhani ndiyo sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kikiachwa inakuwaje.

Mwaka tisini na tatu akatokea Abdulrazaq. Huyu alikuwa na mabasi mawili, duka la jumla, na tumbo la mtu aliyekwisha kuwa na la tatu na la nne kichwani. Enzi za ruksa kila mwenye kitu aliruhusiwa kuwa na zaidi. Akachukua kile kiwanja kilicho nyuma yetu akasema atajenga ukumbi wa chakula, sakafu ya saruji, paa la mabati, maji ya bomba, vizimba kumi na viwili vyenye namba. Makuti yetu ya barabarani yatabomolewa. Lakini akaahidi mbele yetu wote kwamba kila aliyekuwa barabarani atapata kizimba ndani, kwa mfuatano wa kukaa kwetu. Namba moja, pale mlango wa basi unapofungukia, ya Sikujua. Mbili ya Zabibu. Tatu yangu. Mwenye namba moja alikuwa na uhakika wa kuuza mpaka ukoko. Mwenye namba kumi na mbili aliuza waliokosa.

Sikujua aliupenda ukumbi ule kabla haujawa na paa. Kila jioni alikwenda na mumewe, akakipima kizimba chake kwa hatua. Mafiga hapa, mtungi pale, benchi la mvule lielekee barabarani. Bwanaheri alimfuata nyuma na kipande cha chaki akichora. Niliwaona, na sitaficha, nilisikia wivu. Mume wangu hakuwahi kunichorea hata mstari.

Mabati yalikuwa yamefika, bado kuezekwa, Bwanaheri alipopata homa. Siku tatu tu. Siku ya nne asubuhi tukamzika.

Baada ya maziko tulirudi kwenye matanga, wanawake uani. Sikujua amekalishwa mkekani, macho makavu, hajui nani kaja nani kaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, ungo wa mchele mapajani, nachagua mawe kwa ajili ya chakula cha watu. Zabibu akaingia. Alikuwa amevaa koti la Bwanaheri na kofia yake, kajifunga kamba kiunoni, na bega lake limeinama kama la marehemu alivyokuwa akibeba boriti. Uwanja wote ukacheka, hata mama yake Bwanaheri. Alimwigiza vizuri, lazima nikiri, mpaka ule ukimya wake aliuigiza.

Akamfikia Sikujua, akachukua ule mwiko mkubwa wa mkoko ambao Bwanaheri alimchongea mkewe, uliokuwa umesimamishwa ukutani. Akauinua juu.

"Mwiko huu wangu!" akasema. "Na aliyekuwa akiushika sasa anaingia ndani, hatoki. Basi na kizimba changu. Namba moja ya Mmatumbi!"

Watu wakaangua kicheko. Sikujua akainua uso.

"Chukua, mtani," akasema. "Chukua vyote. Mie vya nini tena?"

Hapo ndipo ilipotakiwa konzi ya mchele. Shemeji zake Sikujua walikuwa nje na wanaume. Mama mkwe alikuwa amerudia kulia. Zabibu alisimama na mwiko juu akazungusha macho, anangoja. Mchele ulikuwa mapajani mwangu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mchele. Nilicheka na wenzangu, nikaokota jiwe, nikalitupa. Zabibu akangoja kidogo tena, kisha mtu akamwita akachote maji, akaondoka na mwiko begani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutoa. Najibu kwamba nilidhani atatoa mwingine. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Sikujua akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake nyuma ya msikiti. Nilikuwa nikimpelekea chai. Siku moja nikamwambia ukumbi umekwisha, karani wa Abdulrazaq anakuja kesho kugawa vizimba, kila mtu aitike jina lake. Akanishika mkono.

"Shoga, mie siwezi kutoka, unaona," akasema. "Wakinisoma, niitikie wewe. Sema yupo, yumo edani."

"Usihofu," nikamjibu.

Karani alikuwa kijana wa bara, kavaa tai, hajui Mndengereko wala Mmatumbi. Alisimama kwenye sakafu mpya akafungua daftari. "Namba moja, Sikujua binti Mshamu."

Nilifungua kinywa. Wallahi nilikifungua. Lakini Zabibu alikuwa amekwisha kusimama, mwiko mkononi.

"Kizimba hicho changu. Alinipa mwenyewe, msibani."

Tukacheka wote. Ulikuwa utani, na mzuri, mtu kaja na mwiko wake mpaka kwenye ugawaji. Mpaka leo sijui Zabibu alipoanza kusema alikuwa anatania au la. Nadhani naye hajui. Karani hakucheka. Akauliza, "Ni kweli alisema?"

"Alisema!" watu wakaitika, wangali wanacheka. "Chukua vyote, alisema!"

Karani akakata jina, akaandika jingine. Kicheko kikapungua. Zabibu akamtazama karani, akatutazama sisi, na nikaona kabisa lile neno limefika mdomoni mwake, la kusema ni utani, baba, utani tu. Akalimeza.

"Namba mbili basi iko wazi," karani akasema. "Anayefuata. Mwanaidi."

Wote wakanigeukia. Na mimi, niliyetumwa kuitikia jina la mtu, nikaitika langu. "Nipo," nikasema.

Jioni ile sikupeleka chai.

Eda ilipokwisha, Sikujua akaogeshwa, akavalishwa kanga mpya, na kesho yake asubuhi akaja ukumbini na sufuria zake kichwani. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kabla. Aliingia akitabasamu, akatazama mabati, akatazama bomba, akaenda moja kwa moja namba moja. Mafiga yalikuwa pale pale Bwanaheri alipochora. Benchi la mvule lilikuwa limeelekea barabarani. Zabibu alikuwa anapika. Wali.

"Karibu mtani," Zabibu akasema. "Umekuja kula?"

Sikujua akacheka. Akateremsha sufuria. "Nimekuja kumfukuza mwizi. Toka hapo, mla mihogo."

"Sitoki. Changu hiki."

"Haya chako. Sasa nipishe nikoke moto, magari yanakuja."

Zabibu hakupisha. Sikujua akacheka tena kidogo, akageuza sufuria kubwa akaikalia. Alikuwa anangoja utani uishe. Basi la kwanza likaja, likala, likaondoka. Likaja la pili. Kondakta akapaza sauti, "Kwa Sikujua! Dakika ishirini!" Na mwenyewe amekaa pale juu ya sufuria iliyopinduliwa, mikono mapajani, bado tabasamu halijamtoka usoni sawasawa. Mimi nilikaanga maandazi mpaka yakaungua. Alasiri akaniangalia.

"Mwanaidi," akasema, "hivi huu ni utani?"

Nikasema, "Muulize mwenyewe."

Akainuka, akabeba sufuria zake, akaenda.

Alilipeleka shauri kwa wazee watatu waliokuwa wakisikiliza magomvi ya pale kituoni, mkubwa wao Mwinyimvua. Sina la kumtukania huyu mzee, isipokuwa kwamba chakula chake cha mchana alikuwa anakila namba moja. Akamuuliza Sikujua kama alisema chukua. Alisema. Kama kitu kilikombolewa. Hakikukombolewa.

"Sasa binti yangu, unataka nimshtaki mtani kwa kitu alichokichukua msibani?" Mwinyimvua akasema. "Umeyasikia wapi hayo? Mababu watatucheka."

"Mzee wangu, nilikuwa nimefiwa," Sikujua akasema. "Nilisema kwa utani, na yeye anajua. Waulizeni waliokuwapo."

Wakaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. Ulisikia akisema chukua? Nilisikia. Alisema kwa utani, au kwa kweli?

Ukumbini, namba mbili, chai yangu ilikuwa inaisha saa nne asubuhi. Barabarani nilikuwa naimwaga jioni. Nilikuwa nimenunua birika jipya.

"Mie sijui lililo moyoni mwa mtu," nikasema.

Shauri likaisha hapo. Sikujua alinigeukia. Alinitazama tu, na wala si kwa hasira. Hasira ningeiweza.

Alijaribu kuuza wali kwa ndoo, nje, upande wa madirisha ya mabasi. Abdulrazaq akakataza wauzaji wa nje, ukumbi uchafuke kwa nini. Akajaribu Ikwiriri, akakuta kila nafasi ina mwenyewe. Mwishowe akarudi Mtunda kwenye mashamba ya baba yake, akapanda tena kule dunguni alikotokea, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anapiga debe kufukuza nguruwe.

Na jina lake likabaki Kibiti. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kama nina haki ya kuumwa. Kondakta hawakubadili. Abiria waliteremka wakiuliza, "Sikujua ni yupi?" na Zabibu akajibu, "Ndio mimi, karibuni." Wali wenyewe alikuwa anaufunua kila akisikia honi, tui jepesi tupu, chini umeungua juu una kiini. Watu walikula, wakasema wali wa Sikujua siku hizi umeshuka. Sheria ya chungu nayo ikafa. Zabibu aliacha bada, Ashura akaanza kupika pilau, Muzdalifa akanuna akaanza chai, chai yangu. Kabla ya miaka mitatu vizimba kumi na viwili vyote vilikuwa vinapika wali mmoja mbaya, na kila mtu anamvuta abiria mkono.

Miaka sita ikapita. Saadi, mumewe Zabibu, akafa kwa kifua. Habari ikaenda mpaka Mtunda, na asubuhi ya maziko tukaambiwa Sikujua yuko njiani.

Nani atabaki nyumbani hapo? Watu waliokuwa hawamjui marehemu walikuja. Mtani anakuja msibani, na aliyefiwa ndiye aliyemchukulia kizimba. Atachukua nini? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema atasema kizimba kile kile, kwa maneno yale yale, na Zabibu atakaa edani miezi minne na siku kumi kama alivyokaa mwenzake. Wakasema hiyo ndiyo haki, na itakuwa tamu. Mimi nilikaa karibu na Zabibu nikaona pembe ya kanga yake imefungwa fundo. Nikamuuliza umefunga nini. Akalifunika kwa mkono, lakini fundo lilikuwa limelegea kidogo na nikaona punje nyeupe. Alikuwa ameshika konzi yake ya mchele tayari, hamwamini hata mmoja wetu kumkombolea. Na alikuwa sawa.

Sikujua akaingia uani. Alikuwa amekonda, ngozi imeungua na jua la shambani. Alivaa buibui safi. Hakuvaa koti la marehemu, hakujifunga kamba, hakuigiza mtu. Ule mwiko wa mkoko ulikuwa umesimamishwa ukutani, nadhani Zabibu aliuweka pale makusudi, mahali mtu aufikie kwa urahisi. Sikujua aliupita. Akapiga magoti mbele ya Zabibu kama anavyopiga mgeni, akampa mkono.

"Pole sana, mama," akasema. "Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, akupe subira."

Mama. Zabibu alimzidi miaka miwili labda. Akamshika mkono asiuachie.

"Mtani," akasema. "Mtani, mwiko ule pale."

"Nimeuona. Mzuri."

"Hunichukulii kitu? Nitukane basi. Niambie mla mihogo. Nyumba nzima hii, mtani, hunichukulii hata kuku?"

"Mie sina mtani Kibiti, mama," Sikujua akamwambia taratibu. "Nimepita tu kuzika."

Akaondoa mkono wake, akaenda kukaa nyuma kabisa, na wanawake wa mtaa wa mbali waliokuja kwa kufuata umati. Alisoma dua, akala kidogo, akaosha sahani yake mwenyewe. Zabibu alilia kilio ambacho hakukilia mwili wa mumewe ulipotoka. Fundo la kanga hakulifungua. Siku ya tatu nilipomsaidia kufua, mchele bado ulikuwa mle, umelowa jasho.

Zabibu alirudi ukumbini eda ilipokwisha, na kizimba alikikuta, hakuna aliyekigusa. Ila hakuna aliyemtania tena, Mndengereko wala mwingine. Watu wanamwamkia vizuri sana.

Lakini siku ile ya maziko mimi nilimfuata Sikujua mpaka kituoni. Nilikuwa nimejiandaa miaka sita. Nikamwambia shoga, nisamehe, nilikosa kwenye daftari, nilikosa mbele ya wazee. Hayo mawili nilidhani ndiyo anayoyajua.

Alikuwa anatafuta gari la Mtunda kwa macho. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mchele uliokuwa ukiuchagua msibani kwangu," akasema. "Unakumbuka? Kwenye ungo."

Nikaitika kwa kichwa.

"Ulikuwa wangu, Mwanaidi. Nilikuwa nimeutwanga wa kufungulia kizimba. Ungetoa konzi moja tu, wala usingekutoka wewe."

Gari likaja. Nilimshikia kifurushi chake mpaka akapanda, akanishukuru kama unavyomshukuru mtu yeyote wa kituoni, nikarudi namba mbili kuchochea moto.